Mafuriko ya Shemeji

Gluglu, gluglu! Tundu la maji bafuni lilikoroma gizani, umeme ukiwa umekatika tangu jioni. Nikawasha tochi ya simu. Maji ya mtaro yalikuwa yakipanda sakafuni, meusi, yenye funza na nepi ya mtu, yakinuka uvundo. Binti yangu alikuwa amechuchumaa hapo na kikombe, karibu anywe.

"Naongeza nguvu, mama! Kama kwenye gemu ya anko."

Nilimnyakua. Gemu hiyo ya kuishi porini anaitengeneza shemeji yangu sebuleni kwetu, na juzi alitia mafuriko: maji ya buluu, unainama, unakunywa, unapona.

"Shem, njoo unuse mafuriko yako!"

Akaja, akaziba pua. "Mbona yananuka hivi?"

"Ulidhani yanatoka peponi? Yanapitia vyoo vya watu kwanza."

Asubuhi umeme uliporudi, aliyapaka maji ya gemu rangi ya matope, akatia mizoga, na kuanzia hapo anayekunywa anaharisha hadi afe. Akampa mtoto ajaribu. Nikasimama nyuma yao, roho mkononi. Mtu wa kwenye gemu akafika penye maji, ana kiu. Kidole cha binti yangu kikasita juu ya kitufe, kisha akakunja uso.

"Haya ni ya chooni, siyanywi."