Wali wa Mama Lin

Mwaka 2018, ugonjwa wa soseji za polony ukiua watu Johannesburg, Jacques, fundi cherehani Mkongo wa mtaa wa Bertrams, alifiwa na mkewe. Mama Lin, Mchina anayemuuzia vitambaa, akaleta sufuria ya wali matangani. Carmel, mdogo wake Jacques, akaipokea akicheka, akaenda kuumwaga wali pipani, mgeni hajavua hata viatu.

"Carmel! Una wazimu?"

"Yaya, kaka yangu, unataka tukufe? Hawa ndio wameleta ugonjwa."

"Polony inatengenezwa hapa hapa!"

"Eish, Mchina ni Mchina tu."

Waombolezaji wote wakaitikia. Jacques akawatazama mmoja mmoja. Wakongo wenzake, waliowahi kukimbizwa mtaani kwa ugeni wao!

"Naomba sufuria yangu," alisema Mama Lin kutoka mlangoni.

Jacques akaikwapua mikononi mwa Carmel, akakomba ukoko kwa vidole, akala mbele yao. Alipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu.