Lami ya Likundule

Jumapili, baada ya misa ya pili, Aurelia aliosha gari lake kwa mkono wake mwenyewe. Vijana wa kuosha magari walipenda brashi ngumu, na rangi ya gari lile ilikuwa haipatikani tena popote. Alitumia kitambaa cha pamba na maji ya ndoo, akaanzia juu kushuka chini, akalikausha, kisha akaliendesha taratibu hadi gereji ya Mfaranyaki ambako wenzake wawili walikuwa wameshafika.

Magari yao yalikuwa ya aina moja. Yaliitwa Kazeta. Yalikuwa na viti viwili, na yalikaa chini kiasi kwamba mbuzi aliyetaka kuchungulia ndani ilibidi ainamishe kichwa. Kiwanda kidogo cha Japani kilitengeneza mia mbili tu, kikafungwa. Matatu yalifika Songea kwa sababu Abdulswamadu, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, aliyakuta pamoja kwenye mnada wa bandarini, akayanunua yote, na akiwa njiani kurudi akatambua kwamba mtu mmoja hawezi kuendesha magari matatu. Moja akamwuzia Mzee Fulgence, mstaafu wa kazi za maabara. Jingine akalichukua Aurelia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Kila Jumapili walikutana kuzungumzia hatima ya magari hayo.

"Klachi," alisema Mzee Fulgence siku hiyo, huku akipapasa bodi ya gari lake kama mtu anayepima homa. "Nimepiga simu kila mahali. Hazitengenezwi tena. Hizi tulizonazo zikiisha, zimeisha."

"Kuna jamaa wa Durban anayataka yote matatu," alisema Abdulswamadu. "Anasema atayaweka ndani ya kioo."

"Ndani ya kioo yatafanya nini?" Aurelia aliuliza.

"Yatatazamwa."

"Afadhali yatazamwe kuliko yafe," alisema Mzee Fulgence. Yeye hakuwahi kutoa lake nje mvua ikinyesha. Hata umande ulimkosesha raha.

Mazungumzo yao yalichukua sura nyingine baada ya Aurelia kwenda Likundule.

Likundule ni kijiji alikozaliwa. Unaiacha barabara ya Mbinga mbele kidogo ya Peramiho, unaingia kushoto. Barabara ya lami ya kwenda huko ilikuwa imezinduliwa miaka kadhaa nyuma. Mgeni rasmi alikata utepe, kwaya iliimba, ng'ombe alichinjwa na watu wakala wakashiba. Kilichokosekana ni barabara yenyewe. Changarawe ilibaki ile ile, na masika iligeuka tope. Noela, mdogo wake Aurelia, alifia kwenye tope hilo. Uchungu ulimshika, wakampandisha bodaboda kumwahisha Peramiho, pikipiki ikazama bondeni. Mtoto naye hakupona.

Tangu hapo Aurelia alikuwa akienda kila mwaka kupalilia kaburi, kwa gari la kukodi lililoinuka juu. Mwaka huo gari la kukodi liliharibika, akachukua Kazeta akiwa na nia ya kuliegesha njia panda atembee kwa miguu. Alipofika pale alipunguza mwendo atafute kivuli. Lami ikajikunjua mbele ya gari.

Ilikuwa nyeusi, ina mistari myeupe katikati na mitaro ya zege pande zote mbili. Kwenye kioo cha nyuma aliiona inavyojikunja baada ya gari kupita, na changarawe inavyorudi mahali pake pamoja na madimbwi. Aurelia alibadilisha gia akaendelea. Kule bondeni kulikuwa na kingo za chuma, zimepakwa rangi.

Nyumbani aliegesha mbele ya nyumba ya shangazi yake, Mwanne. Chini ya gari lami ilibaki, ukubwa wa jamvi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na barabara."

"Ndiyo shangazi."

Mwanne alivua ndala, akaikanyaga lami kwa mguu mmoja, kisha kwa yote miwili. "Ina joto," alisema. "Ungekuja nayo mwaka ule."

 Aurelia alichukua jembe wakaenda makaburini.

Jumapili iliyofuata aliwasimulia wenzake. Abdulswamadu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Ilizinduliwa?"

"Ilizinduliwa. Mimi mwenyewe nilikula ile nyama."

"Basi ipo. Kitu kilichozinduliwa na watu wazima vile hakiwezi kupotea chote, wallahi. Labda inataka gari la kulingana nayo."

Walikwenda kujaribu. Kazeta la Abdulswamadu lilipata lami, la Mzee Fulgence likapata vile vile. Lori la korosho la Abdulswamadu lilipojaribu, lilikwama kabla ya bonde, likavutwa na trekta.

Habari zilifika kijijini, na simu zikaanza. Mtu akiugua Likundule, watu hawakutafuta tena bodaboda, walimpigia Aurelia. Asipopatikana walimpigia Abdulswamadu. Siku moja katikati ya masika wote wawili hawakupatikana, na kulikuwa na mtu ameumwa na nyoka. Mzee Fulgence alisimama mlangoni akiitazama mvua, kisha akaingia garini. Alimfikisha mgonjwa hospitali ya Peramiho angali anazungumza. Aliporudi hakulifuta gari. Alikaa ndani yake uani mpaka mkewe akamletea chai.

Magari yalibeba mgonjwa mmoja mmoja, kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine. Madereva wa bodaboda walijifunza kukimbia wamegandana na bampa ya nyuma, maana lami ilibaki hatua chache kabla ya kujikunja. Mmoja alichelewa kidogo, ikaisha chini ya gurudumu lake akavunjika mkono. Hakumlaumu mtu.

"Mmefikiria?" Mzee Fulgence aliuliza Jumapili moja. "Klachi hizi zikiisha, sio magari tu. Barabara nayo imeisha."

 Mpaka siku hiyo walikuwa wakizungumzia hatima ya Kazeta kama watu wanaozungumzia kitu chao.

"Basi tukaombe ijengwe," alisema Aurelia. "Ile ya kubaki."

Walikwenda kwenye ofisi inayohusika. Waliyekutana naye ni Injinia Swalehe, kijana mpole aliyehamia Songea mwaka huo. Alimwamkia Mzee Fulgence kwa heshima, akawapa viti.

"Barabara ya Likundule imekamilika," alisema.

"Haipo," alisema Mzee Fulgence.

"Baba, imekamilika."

"Twende ukaone. Tumekuja na lori."

Injinia alikubali. Lakini walipotoka nje aliliona gari la Aurelia limeegeshwa nyuma ya lori, akasimama.

"Hiyo ni Kazeta?" Sauti yake ilibadilika. "Nilikuwa na picha yake ukutani nilipokuwa chuo. Dada, naomba nipande hii."

"Injinia, kwa kazi ya leo hii haifai. Panda lori."

"Nitaikagua barabara nikiwa ndani ya hii," alisema, na alikuwa ameshafungua mlango.

Njiani aliuliza habari za injini na Aurelia akamjibu. Njia panda lami ilijikunjua. Injinia Swalehe alitazama mistari, akatazama mitaro, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Katikati ya safari Aurelia alisimamisha gari.

"Angalia nyuma."

Alitazama kwenye kioo. Nyuma yao changarawe ilikuwa imerudi, na mama mmoja mwenye kuni kichwani alikuwa anavuka dimbwi amekunja kanga. Injinia aliangalia kwa muda mrefu kuliko Aurelia alivyotarajia.

"Naona," alisema.

"Hiyo ndiyo barabara."

"Dada Aurelia, ukaguzi tunaangalia mbele."

Waliporudi, wengine walikuwa wanawasubiri njia panda, pembeni ya lori lililojaa tope. Injinia alishuka, akajipangusa suruali isiyokuwa na vumbi.

"Barabara ni nzuri. Kuna mashimo mawili kule bondeni, nitaiombea ukarabati."

"Wewe mwanangu una macho," alisema Mzee Fulgence.

"Ninayo, baba. Lakini mimi nimeikuta imekamilika." Alitazama viatu vyake. Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa ushauri wa kindugu: "Hayo magari myatunze."

Jioni hiyo Abdulswamadu alimpigia jamaa wa Durban akamwambia hayauzwi. Klachi ya Aurelia ilikuwa imeanza kuteleza milimani. Jumapili iliyofuata Mzee Fulgence alikuja na lake, likiwa limeoshwa, akamkabidhi fundi ufunguo.

"Lifungue," alisema. "Klachi mpe Aurelia. Vingine viwekeni, mtavihitaji."

"Mzee, na wewe?" Aurelia aliuliza.

"Mimi nitakuwa nakuja kuzungumza."

Alikaa kwenye tairi kuukuu akaangalia mpaka injini ilipotolewa.

Kiangazi kilipita, ukarabati ukapitishwa. Likundule hakuna aliyeona greda wala kibarua. Lakini Aurelia alipopita tena, mashimo mawili ya bondeni yalikuwa yamezibwa vizuri, na mistari myeupe ilinuka rangi mbichi. Kwenye njia panda palisimamishwa bango la kuwashukuru wote waliofanikisha. Bango hilo lilikuwepo hata gari lisipokuwepo.

Masika yaliporudi Aurelia alipigiwa simu saa za mchana. Mwanamke mmoja, Dorine, uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Mumewe, Hironimus, alimbeba hadi garini, akamfunga mkanda juu ya tumbo, kisha akabaki ameshika mlango.

"Na mimi, dada?"

"Viti ni viwili, kaka."

Alifunga mlango kwa uangalifu. Gari lilipoondoka alikimbia nyuma yake, juu ya lami, viatu mkononi, akijitahidi asiachwe na bampa. Alikimbia vizuri hadi mwisho wa mashamba ya mahindi. Hapo pumzi ikamwishia, lami ikapita chini ya miguu yake, akazama kwenye tope hadi magotini. Aurelia alimwona kwenye kioo. Dorine alikuwa analia, na mbele barabara ilikuwa nyoofu, kavu na nzuri. Akaongeza gia.