Nyuma ya Shabaha

Binti alipopiga ukelele, mama yake alikuwa dirishani anashona sare, mguu ukabaki hewani juu ya pedali ya cherehani. Aliona kila kitu kwa macho yake mawili, na hakuelewa hata kimoja.

Bunduki ya upepo ilikuwa imeelekea ukutani, mwisho wa ua. Binti amelala kifudifudi mkekani, kitako cha bunduki begani, kama alivyofundishwa. Mbele yake hakuna mtu. Sasa damu usoni mwa mtoto imetoka wapi?

"Imefyatukia nyuma!" mama alitoka mbio. "Shemeji, bunduki yako imeniulia mwana!"

"Bunduki haifyatuki nyuma, shemeji," alisema mdogo wa mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Lakini uso ulikuwa umemshuka.

Mama alimshika binti kidevu. Kidonda kilikuwa chini ya jicho, pembeni kabisa.

"Unaniona?"

"Nakuona, mama. Una pini mdomoni."

Akazitema. Nani kakosea? Wiki nzima amekuwa akimsikia shemeji akimfundisha binti hapo uani mpaka somo limemkaa kichwani. Bunduki iwe na risasi au isiwe nayo, mtutu usimwelekee mtu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe tayari. Vuta pumzi, toa nusu, bonyeza taratibu kama unayemkamua mtoto jipu. Binti alifuata yote. Hapo ndipo akili ya mama ilipogoma.

Watoto wa jirani na manati yao! Akapanda juu ya ndoo, akachungulia ng'ambo ya ukuta. Alikuwepo mzee wa nyumba ya pili peke yake, povu la sabuni mashavuni.

"Jirani, nani katurushia jiwe?"

"Mimi najinyoa, mama. Jiwe la nini?"

Akashuka, amechanganyikiwa kuliko alivyopanda.

"Labda nyigu," fundi alisema.

"Nyigu gani wa kumtoboa mtu?"

"Basi ngoja nipige moja, tujue." Akainyanyua bunduki, akataka kuukunja mtutu aitie kirisasi.

Mama hakubishana. Alilichukua kopo la virisasi, akalikalia. "Piga sasa. Piga na mate."

Binti, kitambaa usoni, alicheka akaumia. Mama akatazama tena kule mbele. Karatasi ya shabaha ilikuwa imebandikwa kwenye kipande cha chuma kinene alichokileta fundi kutoka karakana.

"Na lile dude la nini?"

"La kuzuia, shemeji. Virisasi visitoboe ukuta vikaenda kwa watu. Chuma kile hakipitishi kitu."

"Kisipopita, kinakwenda wapi?"

Fundi akaenda kwenye chuma, akaibandua karatasi. Hapakuwa na tundu wala mbonyeo, ila madoa ya kijivu tu, kama ya penseli. Akarudi mkekani akapapasa. Kando ya mto wa binti akaokota kirisasi kilichobapa kama kifungo.

Akakaa chini. Mtu huyu hasogelei chuma bila miwani, kwa kuogopa cheche, halafu kamlaza mtoto wa kaka yake mbele ya chuma, macho wazi.

Zahanatini, muuguzi alikisafisha kidonda na kukishona. "Kirisasi kingepanda kidogo tu," alimwambia mama, "leo ungerudi na mtoto wa jicho moja."

Njiani mama aliapa bunduki ile haitolala nyumbani kwake. Binti akasema, "Mama, nilipojikata na mkasi wako, hukuniambia niache kushona."

"Mkasi haurudi kumfuata mtu."

"Baba mdogo kasema ataweka sanduku la mchanga. Risasi inazama, hairudi."

Mlangoni moyo wa mama ulisema hapana, na mdomo ukasema, "Kidonda kipone kwanza."

Kilipopona, chuma kilirudi karakana, likaja sanduku lililoshindiliwa mchanga. Binti akavaa miwani ya kazi, fundi akavaa, na mama, huko dirishani, akadai yake.

Bunduki ikalia. Mama akatazama sandukuni, akatazama uso wa mwanawe, kisha akageuka akatazama na nyuma yake. Hakuna kilichotokea. Lakini hakuweza kushona. Hofu anayo, tele, ila hajui tena aielekeze upande gani.