Toleo la Mwisho la Ngao

Usingizi unamchukua Aikande mchana kweupe, kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mdogo wake, kitabu cha katuni kikiwa wazi mapajani. Eli amelala tangu wampe dawa, na wakati wowote watakuja kumpeleka chumba cha upasuaji, wamfungue kifua. Watu wazima wazima hawa, Eli na mvi zake, Aikande na wajukuu wake, wamesoma hadithi za Ngao, shujaa wa Mji wa Vioo, tangu utotoni, na siku zote kwa desturi moja: kitabu kimoja, vichwa viwili, na ukurasa haufunuliwi mpaka wote wawili waseme geuza. Ambaye hajamaliza husema bado, na neno hilo huheshimiwa. Aikande hajawahi kusema bado maishani mwake, haraka zake zinajulikana ukoo mzima. Na leo, Eli alipopitiwa na usingizi, amefanya kisichofanywa: amelisoma toleo la mwisho peke yake, mpaka mwisho, bila geuza ya mtu. Alitaka kujua kama Ngao anapona, maana Eli alimwambia asubuhi, huku akicheka, Ngao akitoka mzima na mimi nitatoka mzima. Hakuambulia kitu. Ngao wawili, yeye na mfano wake wa kwenye kioo, wanakutana kwenye lango la mji, mmoja anavuka, mwingine anabaki, hujui yupi ni yupi, na picha ya mwisho ni joho jekundu barabarani, halina mtu. Mwandishi ametuchezea shere, aliwaza kwa hasira, kisha machozi yakamtoka kwa sababu lile joho limechorwa vizuri mno. Amelichukia toleo hili na amelipenda, na kabla hajajua lipi limezidi, macho yanajifumba.

Sasa anatembea. Njia ni nyeupe, haina vumbi wala kivuli, ni ile njia iliyo kati ya picha na picha, na pembeni yake kuna mstari mnene mweusi, na ng'ambo ya mstari kuna mji, na mbele yake mji uleule tena, umepinduliwa, duka la kulia liko kushoto, na anatembea, na njia inamrudisha kwenye mji wa kwanza, na duka limefungwa. Mtu anasimama mbele yake, amevaa gauni la kijani la chumba cha upasuaji, na usoni hana kitu, mchoraji hakummalizia. Samahani baba, anasema Aikande, Ngao amepita wapi? Amepita pale asipofika. Aliyevuka ni yupi? Ni yule uliyemwacha. Nakuomba uniambie vizuri, baba, mimi nina mgonjwa. Mgonjwa wako anatembea vizuri tu, anajibu yule, na anamwonyesha kwa mkono usio na kucha.

Kweli, Eli yule pale. Amevaa joho jekundu juu ya nguo za hospitali, anaelekea langoni kwa mwendo wake uleule wa fundi aliyechoka. Aikande anamwita, lakini maneno yanatoka yakiwa yameandikwa, yananing'inia juu ya kichwa chake, hayana sauti. Anakimbia, anavuka mstari, na Eli yuko picha moja mbele, anavuka tena, na Eli yuko picha moja mbele, na hapo anaelewa: yeye ndiye anayemsukuma. Anasimama. Eli naye anasimama, mguu mmoja langoni, na anageuka. Nusu ya uso wake ipo, nusu ni karatasi tupu. Dada, umeanza bila mimi. Nisamehe, Eli, nilitaka kujua tu. Na umejua? Sijajua. Eli anacheka kile kicheko chake cha puani. Basi tumalizie, mimi niko tayari, sema geuza. Watu wasio na uso, wengi kama yule wa kwanza, wamejipanga njia nzima, wanangoja. Lango ni ukingo wa ukurasa, na limeanza kujikunja. Neno liko kwenye ncha ya ulimi wake, limezoea kutoka lenyewe, na Aikande anaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Anashtuka. Mikono bado iko mdomoni. Eli ameamka, macho mazito kwa dawa, blanketi jekundu mabegani, na kitabu sasa kiko kwake, kimefunguliwa ukurasa wa kwanza. Dada, umekoroma hapo, anasema. Mimi huu nimemaliza. Geuza? Aikande anatazama dirisha, na fremu yake ni nyeusi, nene, hakumbuki kama asubuhi ilikuwa hivyo. Mlangoni amesimama mtu wa gauni la kijani, mwanga uko nyuma yake na uso hauonekani. Tuko tayari, mama, anasema. Geuza, dada? anauliza Eli, kidole kwenye ncha ya ukurasa. Aikande anaulaza mkono wake juu ya mkono wa mdogo wake, nao una joto, au yeye ndiye mwenye joto.

Bado, Eli, anasema. Bado.