Kunde Moja Tangu 1948

Usiku wa kuamkia siku ya sensa niliota kitanda changu kimesimama kwenye foleni, nami nimelala juu yake.

Foleni ilianzia mlangoni kwetu Nzega na mwisho wake sikuuona. Vitanda, mikeka, jamvi moja, na kila mtu amejifunika shuka lake mpaka kidevuni. Sikushangaa. Mimi ni mwalimu, lakini safari hii ni karani wa sensa, na semina tulikalishwa mpaka tukachoka: mtu huhesabiwa pale alipolala. Kumbe walimaanisha hivyo hasa.

"Jishikilie, mwalimu," kitanda kikasema. "Nimepanga foleni hii tangu mwaka 1948."

"Mbona mimi nimezaliwa juzi tu?"

"Wewe, ndiyo. Mimi ni wa urithi."

Kikaanza kutembea. Mbele kuna meza, na nyuma ya meza ameketi bwana mmoja mnene, amevaa koti lenye vifungo. Vifungo vimeanzia shingoni, vikapita chini ya meza, vikatokea dirishani na kupotelea njia ya Tabora. Anapiga chafya.

"Mimi ndiye Jumla," akasema. "Kila mtu wa nchi hii ni kifungo changu kimoja. Shemeji yako yuko hapa, karibu na kwapa."

Nikatazama. Kweli alikuwepo, na uzi wake ulikuwa umeanza kulegea.

"Pole kwa mafua, mzee."

"Asante. Yalinianza 1948." Akanionyesha kifuani. Tundu moja la kifungo lilikuwa wazi na upepo ulikuwa unaingia moja kwa moja. "Kuna mtu mmoja hakuhesabiwa. Mwaka 1957 nilimfuata, nikaambiwa amekwenda kuchota maji. Sensa ya 1967 amekwenda kuni. Ya 1978 yuko msibani, na hata marehemu hakujulikana ni nani. Mwaka 2002 alikuwa darini. Sensa iliyopita alifungua mlango yeye mwenyewe, akasema mwenye nyumba hayupo."

Huyo ni bibi yangu Nyanzala, aliyenilea, na ndiye mwenye nyumba niliyolala.

Mwaka ule wa 1948 mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alipita na kikapu. Kila nyumba itie punje ya hindi kwa kila mwanamume na kunde kwa kila mwanamke. Mama yake bibi alikuwa amezika watoto watatu, na kwetu watoto hawahesabiwi, ni kuwatafutia mabaya. Akatia kunde yake mwenyewe, ya kichanga chake akaificha. Kichanga kikapona. Kunde ile bibi anayo mpaka leo, kaifunga kwenye pindo la khanga, na akibadili khanga anaihamisha.

Jana mchana nilimwomba nimwandike. Akasema, "Miaka yote hii kifo kinapita mlangoni hakijui kama nimo. Leo wewe, mke mwenzangu, unataka kukiandikia barua?"

Mimi nikamjibu vibaya. Nilimwambia akifa bila kuandikwa itakuwa kama hakuwahi kuishi. Hakugusa ugali wake. Niliona aibu, lakini sikumwomba radhi, nikaenda kulala.

"Jua likizama nafunga hesabu," akasema Jumla. "Asipoingia leo, sidhani kama kwa umri wake ataikuta sensa nyingine. Kamlete." Akavuta droo ya meza.

Nikaingia kwenye droo, nikatokea 1948.

Kuna uwanja uliofagiliwa vizuri, na katikati kuna kikapu. Ndani yake punje zinasalimiana na kuulizana habari za nyumbani.

"Leta," kikapu kinaniambia. "Usinipotezee muda, nina kata nzima."

Pembeni amesimama mwanamke kijana mwenye pengo la jino la mbele. Ana mtoto mgongoni, na ngumi yake moja ameifumba.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Shikamoo. Mimi ni mjukuu wa huyo uliyembeba."

Alinitazama kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili zangu.

"Kumbe alikua."

"Alikua. Sasa ni mzee, tena mkaidi."

"Ana watoto?"

"Wapo."

"Wangapi?"

Mkononi nilikuwa na kishikwambi cha kazi, na chenyewe kilishaanza kufungua mdomo kumjibu. Nikakikandamiza tumboni. "Wapo tu, mama," nikasema.

Akacheka, pengo lote likaonekana. "Wamekulea vizuri." Kisha akafumbua ngumi, akanitilia kunde kiganjani. "Mwambie nilimficha kifo kisimwone. Sikumficha watu wasimwone."

Nikalia palepale mbele ya kikapu. Kikapu kikajifanya kinahesabu.

Niliporudi, Jumla alikuwa ameshanyoosha mkono. "Lete, nifunge koti."

"Siwezi, mzee. Mwenyewe hajakubali."

"Unajua nimeumwa miaka mingapi?"

"Najua. Pole. Lakini hii ni yake."

Jumla akavuta pumzi, akapiga chafya moja iliyopindua foleni nzima, na mimi nikaangukia sakafuni kwetu.

Kulikuwa kumekucha. Nilimkuta bibi jikoni, ameinama, anapapasa majivu pembeni ya mafiga.

"Mke mwenzangu, hujaiona kunde yangu? Naona pindo limefunguka, na mimi sijalifungua."

Hapo ndipo nilipohisi mkono wangu wa kulia umefumba ngumi. Nikaufumbua. Kunde ilikuwepo, kavu, imekunjamana.

"Bibi, nisamehe ya jana," nikasema. "Na mama yako amesema alikuficha kifo kisikuone. Hakukuficha watu wasikuone."

Akayaacha maji ya uji yakachemka mpaka yakamwagikia moto. Hakuniuliza nimemwona wapi.

"Alikuwa bado na lile pengo?"

"Alikuwa nalo."

Bibi hajawahi kunieleza habari za pengo hilo, na picha ya mama yake haipo hapa nyumbani. Akafuta macho kwa khanga, akajiweka sawa kwenye kigoda kama anayepigwa picha.

"Haya, lete hicho kidude chako uniandike. Nyanzala, mwanamke, nimelala hapahapa. Ila jumla yetu usiitaje humu ndani."

Nikamwandika. Kishikwambi kilipomaliza na kutaka kuonyesha tupo wangapi, bibi alikuwa ameshakifunika kwa pindo la khanga yake.