Marehemu Amerudi kwa Baiskeli

Habari kwamba mama yangu amekufa ilitufikia Ibadakuli siku ya Jumanne, ikiletwa na mwanamke aliyepita kuuza dagaa. Mama mwenyewe ndiye aliyempa kiti, na kwa kuwa yule mwanamke hakumjua kwa sura, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Huko kwetu Kharumwa kulikuwa na bibi mmoja, Sesilia," alisema. "Walimfukuza kwa uchawi. Sasa shemeji yake, Kalisti, ametangaza kwamba alifia huku Shinyanga. Shamba lote analima yeye."

"Walimzika vizuri?" mama aliuliza.

"Nasikia vizuri tu."

Mama akanunua dagaa, akamsindikiza mgeni hadi barabarani. Aliporudi nilidhani atalia.

"Paskalina," aliniambia, "nakwenda nyumbani. Nakwenda kwa baiskeli."

Miaka tisa ilikuwa imepita. Mtoto wa Kalisti alikufa kwa homa, na mganga aliyeitwa akasema atafutwe mwanamke mwenye macho mekundu. Mama alikuwa amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba maisha yake yote. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya wanawake wengi wa rika lake, ila wenzake walikuwa na waume, na yeye alikuwa mjane mwenye ekari sita. Vijana wenye marungu wakampa mpaka asubuhi awe ameondoka. Alitoka juu ya roli la pamba, amelala chini ya turubai.

"Basi lipo, mama," nilimwambia. "Unapanda asubuhi, mchana uko huko."

"Ndani ya basi nani ataniona? Nilitoka nimefunikwa kama gunia. Nitarudi nimekaa juu, kila kijiji kinione, na kila mtu nimsalimie kwa mdomo wangu."

Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Lakini alikuwa akiendesha baiskeli tangu kabla sijazaliwa, pamba akiwa ameifunga nyuma na mtoto mgongoni. Nikafunika cherehani yangu. Binti yangu Mwanaima, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa likizo, naye akasema habaki. Jirani mmoja alituonya kwamba tutamuulia bibi njiani.

"Nimeshakufa tayari," mama alimjibu. "Cha kuogopa kimebaki kipi?"

Tuliondoka watatu, zaidi ya kilomita mia mbili mbele yetu. Tulilala Tinde, tukalala Isaka, tukalala Kahama. Maroli ya Rwanda yalitupita kwa upepo uliokuwa ukitusukuma hadi kwenye changarawe. Siku ya pili magoti ya mama yalivimba, nikamwomba tupumzike siku nzima. Akayafunga kwa kanga akapanda. Tairi la Mwanaima lilipata pancha mara tatu, na mara ya tatu aliibandika mwenyewe bila kuniita. Kila tulipopita watu, mama alikuwa akipiga kengele, akisalimia kwa Kisukuma na kusema jina lake: "Mwadila! Mimi ni Sesilia, mke wa marehemu Donatus, naenda kwangu Kharumwa." Mwanzoni niliona haya. Kufika Kahama nilikuwa nikipiga kengele na mimi.

Siku ya nne tuliingia Bugarama, ambako mdogo wangu Fredy anafanya kazi kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Tulimkuta kwenye karasha, mawe yakisagwa, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Alipotuona hakusogea. Mwenzake, kijana wa Kikurya aitwaye Marwa, ndiye aliyekuja kutupokea.

"Shikamoo, mama. Wewe ni ndugu yake Fredy?"

"Marahaba. Mimi ni mama yake."

Marwa alimgeukia Fredy. "Si ulituambia mama yako alifariki? Tulikaa nawe msibani siku tatu."

Fredy aliangalia chini. Mama alitegemeza baiskeli yake ukutani polepole, kama mtu anayeogopa kuangusha kitu.

"Kumbe," alisema. "Wewe na baba yako mdogo mmenizika, kila mtu upande wake."

Jioni hiyo Fredy alikuja tulikofikia. Alikaa karibu na mlango.

"Mama, hapa wakijua mama ya mtu alifukuzwa kwa uchawi, hakuna anayekubali kushuka naye shimoni. Kamba ikikatika, ni wewe. Udongo ukianguka, ni wewe. Niliogopa."

"Na mimi niliogopa," mama alisema. "Miaka tisa. Imetosha."

"Usiende. Watakuua kweli."

"Kesho saa mbili tunaondoka. Sikuombi uje."

Saa mbili asubuhi Fredy alikuwa nje na baiskeli ya kuazima. Tulipofika mbele ya karasha alisimama, akawaita wenzake.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Niliwadanganya. Yu hai, na si mchawi."

Wengine waliondoka. Marwa alishika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili. Tuliposhika njia mama alimfanyia Fredy ishara ya mkono apite mbele, akate upepo.

Tuliingia Kharumwa mchana, siku ya gulio. Mama akachukua nafasi ya mbele. Alipita katikati ya soko akipiga kengele na kutaja watu kwa majina, na mwanamke mmoja akaangusha beseni la nyanya. Bibi Asteria, aliyekuwa akiimba naye kwaya zamani, alimshika mkono, akaubonyeza kuona kama una nyama, kisha akaanza kutufuata. Wengine nao wakafuata. Tulipofika nyumbani, nje kidogo ya mji, nyuma yetu kulikuwa na umati.

Mabati ya nyumba ya mama yalikuwa yameezuliwa. Ng'ombe wa Kalisti walikuwa wamefungwa uani, na yeye amekaa penye kivuli.

"Mwadila, shemeji," mama alisema.

Kalisti hakuitika. Aliwatazama watu. "Huyu alifukuzwa na kijiji."

"Uliwaambia nimekufa. Chagua moja, shemeji. Nimekufa au nimefukuzwa?"

Mtu mmoja alicheka nyuma. Kalisti akainuka. "Yaangalieni hayo macho yake!"

Bibi Asteria alisogea hadi akasimama ubavuni kwa mama. "Na yangu je? Yaangalie na yangu, Kalisti. Mkeo naye anapikia nini, umeme?"

"Nitaita vijana."

"Waite," mama alisema. "Wawili niliwapokea kwa mikono hii walipozaliwa. Nataka waje wanitazame."

Aliita. Hakuna aliyekuja. Labda waliona aibu, labda waliona watu ni wengi mno. Mama alifungua kamba ya sufuria kwenye keria ya baiskeli, akamtuma Mwanaima maji, na Fredy akaanza kuwafungua ng'ombe mmoja mmoja na kuwatoa nje ya ua.

Ilichukua miezi mitano na safari nyingi kwenye baraza la ardhi. Mama alirudishiwa ekari nne. Mbili Kalisti bado anang'ang'ania, na kesi inaendelea. Fredy aliezeka upya nyumba. Alipoteza kazi yake ya shimoni Bugarama, kama alivyohofia, na sasa anachimba karibu na Kharumwa, pamoja na Marwa aliyemfuata.

Si wote waliompokea mama. Kuna nyumba ambazo akipita watoto huitwa ndani. Mama husimama kwenye nyumba hizo kwanza, akabisha hodi, akasalimia kwa sauti, na haondoki mpaka aitikiwe.