Karanga Ndani ya Katoni ya Dawa ya Kupe

Jamani, kuna watu wanaojua kukasirika hadharani na kupenda mafichoni, na Katsuva alikuwa mkubwa wao. Siku binti yake Bénédicte alipoolewa na Élisée, mfugaji wa Djugu, Katsuva alisimama mbele ya wakwe, mbele ya kwaya nzima na masufuria ya wali, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga huko. Alisema njia ile bado ina bunduki. Alisema hii amani ya kulala na viatu miguuni haiitwi amani. Watu wakanung'unika kwamba mzee ana roho ngumu. Mkewe, Vahwere, aliendelea kupakua wali, maana alijua mumewe hana hasira bali anaogopa, na mwanamume yule kukubali kwamba anaogopa, labda afe kwanza.

Walikuwa na depo ya dawa za mifugo na mashamba pale Lumumba, mjini Bunia. Vahwere aliuza, Katsuva alifunga mizigo. Ila katika kufunga, sheria zilikuwa za Vahwere, aliyefundishwa kwenye semina ya maagronomu, wataalamu wa kilimo, na hakutaka mchezo. Kila kifuniko kikazwe mpaka mwisho. Kila chupa ivalishwe mfuko wake na kusimamishwa wima. Katoni ijazwe vumbi la mbao kila upande, ili chupa zisigongane, na moja ikivuja vumbi liinywe sumu kabla haijafika mbali. Juu ichorwe fuvu, hata asiyejua kusoma aogope. Na zaidi ya yote, kitu cha kuliwa kisiwekwe ndani, wala pembeni, wala kwenye pikipiki ileile.

"Hata pipi," Vahwere alikuwa akisema. "Hata kama ni pipi ya Papa Mtakatifu mwenyewe."

"Nimesikia, Mama Béné."

Alikuwa anasikia kweli. Ila kila Élisée alipoagiza dawa ya kupe, Katsuva aliamka mapema, akaenda nyuma ya nyumba, akakaanga karanga kwa chumvi kama Bénédicte alivyozipenda tangu akiwa na meno mawili. Alizitia kwenye mfuko mdogo, akaufunga kwa fundo lake lenye masikio mawili kama ya sungura, kisha mke akigeuka tu, anachota vumbi la mbao kwenye pembe ya katoni na kuzika zawadi yake humo. Hakuandika jina. Angeandikaje, na alikuwa amekula kiapo? Na ubaya hakuuona. Bunia kila kinachosafiri kwa pikipiki kinanuka mafuta, hata mkate, na watu wanakula, wanashiba, wanashukuru Mungu.

Asubuhi ile alizidisha, kwa sababu habari ilikuwa imefika kwamba Bénédicte ana mimba. Mfuko ulikuwa mnene. Alichota vumbi mpaka chupa za upande ule zikabaki uchi zikigusana, akafunga katoni, akampa Delphin, kijana wa pikipiki wanayemwamini, naye akaondoka.

Jua lilikuwa limeshapanda Vahwere alipoita kutoka ndani.

"Baba Béné, njoo uone. Hii dawa mpya iko na vifuniko vibaya."

Aliishika chupa kwa glovu. Ilikuwa ya shehena ileile zilikotoka chupa za asubuhi. Kifuniko kilikuwa na ufa mwembamba, na dawa ilikuwa imeteremka ubavuni ikaacha alama ya mafuta kwenye rafu.

"Na ile ya Élisée?" Katsuva aliuliza.

"Ile haina shida. Ikivuja, vumbi litakunywa. Ndani hamuna kitu ingine."

Katsuva alikaa juu ya gunia.

"Muko karanga," alisema.

"Muko nini?"

"Karanga. Ya Béné. Niliweka. Naweka kila siku."

Yesu wangu! Vahwere hakupiga kelele, na hapo ndipo Katsuva alipoogopa zaidi. Mke alichukua simu, akapiga kwa Bénédicte. Haipatikani. Akapiga kwa Élisée. Haipatikani. Akampigia Delphin, simu ikalia weee bila kupokelewa, kwa sababu Delphin akiwa njiani hasikii kitu isipokuwa mashine yake.

"Mutoto iko na mimba," Vahwere alisema. "Ile dawa inaua kupe mu ngozi ya ng'ombe, Baba Béné. Ng'ombe muzima! Nitafutie pikipiki, niende."

"Hapana. Ni mukono yangu iliweka. Nitaenda miye."

Vahwere alikuwa amelisikia lile neno "hapana" mara nyingi kuhusu Djugu, ila siyo namna hii.

"Basi vua hiyo koti ya depo. Utaenda kumukumbata mutoto na sumu? Nawa. Na sabuni! Mpaka ku kiwiko!"

Alimletea koti la Jumapili, akamvalisha mwenyewe huku akimkaripia, akivuta kola, akipigapiga mifuko, akimwita mpumbavu wa wapumbavu, machozi yakimtoka.

Njia yote alimshikilia dereva kiunoni kama mtoto. Kwenye kizuizi cha Iga-Barrière askari walimwuliza anakwenda wapi, akasema kwa binti yangu, na neno hilo lilimshangaza kulisikia likitoka kinywani mwake. Baada ya hapo kulikuwa na nyumba zilizochomwa zamani, majani yameota vyumbani, na kando yake nyumba mpya zenye mabati yanayong'aa, wanawake wakipalilia maharage. Kila kichaka alikitazama mara mbili. Lakini hofu ya bunduki ilikuwa ndogo siku hiyo. Aliona vidole vya Bénédicte vikifungua masikio ya sungura. Aliwaza binti huyo alivyokuwa akila karanga, kiganja kizima kwa mara moja, bila subira, tangu utotoni. Mungu wangu, alisema moyoni, umpe subira leo tu.

Walifika. Pikipiki ya Delphin ilikuwa uani. Katoni ilikuwa kivulini, imefunguliwa, upande mmoja umelowa na kugeuka rangi, na pembe ile ilikuwa tupu.

"Béné!" Katsuva aliruka kabla pikipiki haijasimama, akaanguka magoti, akainuka. "Béné! Umekula? Sema, umekula?"

Bénédicte alitokea mlangoni, tumbo mbele, mikono ina povu la sabuni.

"Papa?" Alimtazama kama mtu anayeota. "Papa, ni weye?"

"Karanga! Umekula karanga?"

"Hapana, Papa. Sikukula."

"Hata moja?"

"Hata moja. Iko mu shimo." Alionyesha nyuma ya zizi, kwenye shimo lililozungushiwa miiba ili mbuzi wasifike. "Si Mama alitufundisha? Kitu yenye kusafiri na dawa haiingie mu kinywa. Na leo ilikuwa imelowa kabisa."

Katsuva alikaa palepale chini, na koti lake la Jumapili. Alicheka, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, akajifuta na mkono wa koti. Halafu wazo likamjia polepole.

"Na zile zingine? Za mbele, za safari zingine?"

Bénédicte alichuchumaa karibu naye, kwa taabu, akishika tumbo.

"Zote, Papa. Zote niliziweka mu shimo."

"Zote!"

"Nilijuaka ni weye. Nani mwingine anafungaka vile? Nilikuwa nakaa kwanza na ule mufuko, naangalia lile fundo, nalia kidogo, kisha natupa."

"Sasa juu ya nini hukuniambia, mutoto weye? Miye nakaanga, nakaanga, na macho yangu mu moshi!"

"Ningekuambia, ungeacha kutuma."

Katsuva aliingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa, na vidole vikagusa karatasi. Aliitoa. Karatasi safi ya daftari, imekunjwa vizuri, na ndani yake karanga zilizobaki kwenye kikaango. Basi wakati ule wa kupigapiga mifuko na kumwita mpumbavu, Vahwere alikuwa anafanya kazi nyingine.

"Hizi hazikusafiri na dawa," Katsuva alisema. "Zilisafiri na miye."

Bénédicte alinyoosha kiganja, kisha akakirudisha.

"Tunawe kwanza, Papa."

Wakanawa, baba na binti, kwenye beseni moja, mpaka kwenye kiwiko. Kisha Bénédicte akala. Alikula kiganja kizima kwa mara moja, bila subira yoyote, mashavu yakamvimba, na Katsuva alimtazama kama anayetazama mvua baada ya kiangazi.

"Papa," alisema, bado anatafuna. "Na zile zote zilikuwa tamu hivi?"

Katsuva alitazama lile shimo nyuma ya zizi. Alisogeza karatasi karibu zaidi na binti yake, akamwambia ale, ziko nyingi, na yeye leo harudi Bunia.